Mji Uliochorwa na Mji Ulioshonwa

Mjukuu wangu wa kike, mwenye umri wa miaka saba, aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Alikuwa amekaa mkekani akiangalia filamu ya katuni ya Aladdin, ile iliyotolewa na kampuni ya Disney ya Marekani mwaka 1992, na ambayo watoto wetu wa visiwani wangali wakiiangalia kana kwamba imetoka jana. Alinigeukia akasema: “Babu, Agrabah iko wapi? Ndiko Maskati anakokaa shangazi?” Nikamjibu kwamba mji ule haupo. Akanitazama kwa mshangao, kisha akauliza: “Mbona nauona?”

Neno lile lilinikaa rohoni kwa siku nyingi. Mji usiokuwepo unaonekana, una kuba, una soko, una lango na jina. Na upo mji mwengine uliokuwepo kwa yakini, katika pwani yetu hii hii, ulioandikwa na mabaharia karibu miaka elfu mbili iliyopita, ambao hakuna mtoto wa skuli anayeweza kuuona akifumba macho. Makala haya ni jaribio la kuiweka miji miwili hiyo bega kwa bega, ili msomaji apime mwenyewe ni upi wa kubuni.

Tuanze na Agrabah, kwani hata mji wa uongo una nasaba yake. Hadithi ya Aladdin haimo katika miswada ya kale ya Kiarabu ya Alfu Lela Ulela. Mfasiri Mfaransa, Antoine Galland, alisimuliwa hadithi hiyo mjini Paris mwaka 1709 na kijana wa Halabu, katika nchi ya Sham, aliyeitwa Hanna Diyab, naye akaitia katika tafsiri yake. Katika masimulizi hayo Aladdin ni mtoto wa Uchina. Watengenezaji wa filamu walipoichukua hadithi hiyo walikusudia kuuweka mji wao Baghdad. Lakini Iraq iliivamia Kuwait mwaka 1990, vita vya Ghuba vikafuata mwaka 1991, na jina la Baghdad likawa halisemeki mbele ya watoto wa Marekani. Basi wakazichanganya herufi za Baghdad, wakazipangua na kuzipanga upya, ikazaliwa Agrabah.

Sura ya mji nayo iliokotwa huku na huko. Msimamizi mmoja wa michoro ya filamu hiyo, Rasoul Azadani, mzaliwa wa Isfahan katika Uajemi, alipiga picha nyingi za mji wake wa nyumbani ili wachoraji wapate mfano wa vichochoro na kuta. Kasri ya sultani ikachorwa kwa kuiangalia Taj Mahal ya Uhindi. Hivyo Agrabah ni jina la Baghdad lililovunjwa, nyumba za Isfahan, kasri ya Agra na mtoto wa Uchina, vyote katika chungu kimoja. Wimbo wa mwanzo wa filamu hiyo uliwachukiza Waarabu wa Marekani hata maneno yake mengine yakabadilishwa mwaka 1993. Lakini neno linaloiita nchi ile ya kishenzi halikuondolewa.

Msidhani kuwa hayo ni mambo ya watoto tu. Mwezi wa Disemba 2015 taasisi moja ya kura za maoni ya Marekani, Public Policy Polling, iliwauliza wapiga kura wa vyama viwili vikuu kama wanaunga mkono Agrabah ipigwe mabomu. Katika wapiga kura wa Republican, asilimia 30 waliafiki. Katika wale wa Democratic, asilimia 19 waliafiki pia. Mji wa katuni ulikuwa umekwishapata maadui wa kweli. Hiyo ndiyo nguvu ya picha: mtu akikuchorea mji wako kwa muda mrefu, mwisho wake ataamua pia kama mji huo ustahili kuishi au kuangamizwa.

Sasa nakuomba, msomaji mpenzi, uniruhusu nikutoe katika kuba hizo za rangi nikupeleke kwenye tope.

Vita vile vilivyolifanya jina la Baghdad lipanguliwe vilipiganwa kwa ajili ya Kuwait. Na Kuwait ya zamani, kabla ya mafuta, ilikuwa mji wa udongo ulioezekwa kwa boriti. Boriti hizo hazikuota jangwani. Zilikatwa katika mikoko ya pwani yetu, na sehemu kubwa yake katika delta ya Rufiji. Mwaka 1939 baharia na mwandishi wa Australia, Alan Villiers, alifika Rufiji katika jahazi la Kikuwait lililoongozwa na nahodha Ali bin Nasser al-Nejdi. Mabaharia waliingia mtoni hadi Salale, wakakaa majuma katika mbu na matope, wakipakia boriti za kupeleka Ghuba. Kitabu alichokiandika Villiers baada ya safari hiyo alikiita Wana wa Sindbad, na huko Rufiji hakupasifu hata kidogo. Kwake palikuwa mahali pa dhiki. Lakini dari za Kuwait zilitoka katika dhiki hiyo.

Wala biashara hiyo haikuanza katika karne ya ishirini. Al-Istakhri, mwanajiografia wa karne ya kumi, ameandika kwamba nyumba za Siraf, bandari tajiri ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanj. Zanj ndisi. Waarabu wa Ghuba huziita boriti hizo chandal, na mtu akizuru mitaa ya kale ya Dubai au Bahrain ataziona zimejipanga darini kama mbavu. Hapa Mji Mkongwe pia, aliyewahi kulala chali katika chumba cha kizamani anajua kwamba upana wa chumba hukatwa na urefu wa boriti: mti ukiisha, chumba kimekwisha. Mkoko wa Rufiji ndio uliokuwa fundi mkuu. Uliwapangia watu wa mbali ukubwa wa vyumba walivyozaliwa na kufia.

Kwa hivyo mjukuu wangu hakukosea sana. Nyuma ya Agrabah ya kuchorwa imo miji ya kweli ya Ghuba na Uajemi iliyoizaa dunia ya Sindbad, na juu ya vichwa vya watu wa miji hiyo ulikuwemo mti wetu. Delta imewaezekea wengine. Je, yenyewe haikuwa na mji?

Ilikuwa nao, kama baadhi ya wanazuoni wanavyoona, na jina lake kwa Kiyunani ni Rhapta.

Habari zake zimo katika kitabu kidogo kiitwacho Periplus ya Bahari ya Erithrea, kilichoandikwa katikati ya karne ya kwanza na mfanyabiashara wa Misri aliyesema Kiyunani. Nakala kongwe tuliyonayo ni ya karne ya kumi, nayo imehifadhiwa Heidelberg, Ujerumani. Mimi sijui Kiyunani. Nimesoma tafsiri za Kiingereza, ya Wilfred Schoff ya mwaka 1912 na ya Lionel Casson ya mwaka 1989, nikizilinganisha sentensi kwa sentensi kama afanyavyo mtu aliyejifunza mwenyewe, asiye na mwalimu wa kumwambia ipi ya kuamini.

Mwandishi huyo anashuka na pwani kutoka kaskazini. Anafika kisiwa akiitacho Menouthias, cha tambarare na chenye miti, na anasema wenyeji wake wana mitumbwi na mashua za kushonwa ambazo huvulia samaki na kasa, na kwamba hutega samaki kwa vikapu vya kusukwa penye mikondo ya maji. Mtu wa pwani akisoma hapo hahitaji maelezo: hayo ni madema. Wengine husema kisiwa hicho ni Unguja, wengine Pemba, wengine Mafia. Kila kisiwa kina wakili wake, nami sitaki kuwa hakimu katika kesi ambayo mimi mwenyewe ni mdai.

Baada ya safari ya siku mbili kutoka hapo, anasema, ndipo ilipo bandari ya mwisho ya bara la Azania, Rhapta, iliyoitwa hivyo kwa sababu ya zile mashua za kushonwa. Ina pembe za ndovu nyingi na magamba ya kasa. Watu wake ni wenye miili mikubwa, na kila mmoja katika mahali pake hujiona kama mtawala. Wafanyabiashara wa Mouza, bandari ya Yemen, hupeleka huko vyombo vyao vikiongozwa na manahodha Waarabu waliozoeana na wenyeji, wakaoa kwao, wakaijua pwani na kuielewa lugha yake. Huleta mikuki, mashoka, visu, vyuma vidogo vya kutobolea na vitu vya kioo. Tena huleta mvinyo na ngano kidogo, si kwa kuuza, ni kwa kutafuta mapenzi ya wenyeji.

Nisomapo sehemu hiyo nasita kila mara katika maneno mawili. La kwanza ni ile lugha. Mwandishi hakututajia jina lake wala neno lake hata moja, lakini ametuachia ushahidi kwamba ilikuwapo lugha ya mahali pale, na kwamba mgeni aliyetaka biashara ndiye aliyelazimika kujifunza. La pili ni vile vyuma vya kutobolea. Huenda vilikuwa vya kazi nyingi; lakini katika mji ulioitwa kwa jina la kushona, siwezi kukisoma chuma cha kutobolea bila ya kumwona fundi amechuchumaa ufukweni akitoboa ubao, na kando yake amelaza kamba.

Karibu miaka mia baadaye, Ptolemy wa Iskandaria aliandika kwamba Rhapta ni mji mkuu, umejitenga kidogo na bahari, juu ya mto wenye jina hilo hilo. Naye hakuuona, alichukua habari kwa waliomtangulia, ambao nao walizipata kwa mabaharia. Pwani yetu aliitia katika nchi aliyoiita Barbaria. Asili ya neno hilo kwa Wayunani ni watu ambao usemi wao haufahamiki masikioni mwa Myunani. Ndilo neno lile lile, msomaji, lililobaki katika wimbo wa Agrabah. Miaka elfu moja na mia nane imepita, na wino haujakauka.

Wanazuoni wameutafuta mji huo Pangani, Dar es Salaam, mto Tana na Rufiji. J. W. T. Allen, ambaye wapenzi wa tendi wanamfahamu kwa kukusanya miswada yetu, aliandika makala juu ya Rhapta mwaka 1949. Lakini aliyechimba kwa jembe ni Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yeye na wenzake walionyesha, kuanzia miaka ya tisini, kwamba wakulima na wafua chuma walikuwa wamekaa katika sehemu hizi za pwani na visiwa vyake tangu karne za mwanzo za milenia ya kwanza, kinyume na waliofundisha kwamba historia ya pwani inaanza na wageni. Huko Mkukutu, karibu na Kibiti, walipata shanga chache za kioo, na mwaka 1999 Chami alitangaza kwamba ni za zama za Warumi, kiungo cha kwanza cha ardhini baina ya Rufiji na kitabu cha Myunani. Mjadala haujafungwa, shanga husafiri, na udongo hauapi mahakamani. Lakini kwa mara ya kwanza Rhapta ilikuwa imetoka kitabuni ikaingia kiganjani.

Na hapa ndipo nilipotaka kufika. Mwaka 2016 zilienea habari kwamba karibu na Mafia, chini ya bahari, yameonekana mawe yaliyojipanga kama misingi ya kuta, na ikasemwa huenda ndiyo Rhapta. Watu waliofika kwangu wakishangilia walikuwa wengi kuliko wote walioniuliza juu ya shanga za Kibiti. Wako waliosema kuwa mawe yale ni kazi ya bahari yenyewe. Mimi si mpiga mbizi na sitatoa hukumu. Nauliza tu: kwa nini kuta ndizo zilizotufurahisha? Kwa sababu tumefundishwa na picha kwamba mji ni ukuta, lango na kuba. Tunaitafuta Agrabah katika maji ya Mafia. Tusipoiona, tunasema hapakuwa na kitu.

Mji wa delta ungekuwaje? Tope halibebi jabali. Mahali pale kuna mikoko ya karibu hekta 50,000, msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote katika Afrika Mashariki. Watu waliowauzia wengine miti kwa karne nyingi wangejenga kwa nini, kama si kwa miti hiyo na udongo na makuti? Mto nao haukai mahali pamoja: hufunga mdomo huu ukafungua ule, hula kingo, huzika shamba la jana. Hata Kisimani Mafia, mji wa baadaye sana, unaoelekeana na delta, umeliwa na bahari mbele ya macho ya vizazi. Manowari ya Kijerumani Königsberg, yenye chuma cha maelfu ya tani, iliweza kujificha katika mikoko hiyo kwa miezi kadhaa hadi ilipozamishwa Julai 1915, na tope likaimeza pole pole. Ikiwa delta imemeza manowari, itashindwaje kumeza mji wa miti?

Nilishuka Kibiti mwaka mmoja nikielekea Nyamisati kupanda boti ya Mafia. Katika stendi alikuwapo kijana akiuza korosho. Nilimwuliza, kwa kutaka mazungumzo, mji wao unajulikana kwa nini. Alicheka kicheko kisichokuwa na furaha. “Mzee, si unazijua mwenyewe habari za hapa?” Nilizijua. Mwaka 2017 jina la Kibiti lilikuwa magazetini siku baada ya siku kwa mauaji ya askari na ya viongozi wa vijiji, na kwa familia zilizolala na hofu. Mwezi wa Aprili 2024 likarudi kwa mafuriko yaliyozamisha mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti. Damu na maji: ndiyo habari mbili ambazo taifa limezisikia kutoka kule. Nikamwambia kwamba chini ya udongo wa kwao zimetoka shanga zilizovuka bahari karibu miaka elfu mbili iliyopita. Akanyamaza, kisha akaniongezea korosho katika mfuko bila ya kudai pesa. “Hiyo sijaisikia,” akasema. “Hebu nieleze.”

Basi lilikuwa linapiga honi. Nilimweleza nusu tu, na nusu iliyobaki ndiyo hii ninayoiandika.

Nimejaribu mara nyingi kuifasiri Rhapta. Nikiita Mashono, naona jina limelegea. Nikiita Mtepeni, nimelitia jina la chombo cha baadaye, ijapokuwa mtepe, ulioshonwa kwa kamba bila ya msumari, ndiye mjukuu halali wa mashua zile. Mtepe mmoja ulijengwa upya mwaka 2003 kwa ajili ya maonyesho ya Beit al-Ajaib, ukaitwa Shungwaya, kwa jina la mji mwengine ambao wazee wanausimulia na wachimbaji wanaubishania. Kwa kitenzi hicho hicho cha kushona, Wayunani walimwita mghani wa tenzi mshona nyimbo. Sisi tuna neno linalotosha kulikabili lao: kutunga. Tunatunga ushanga, na tunatunga shairi. Kazi ni moja: uzi unapita katika tundu, kimoja kinashikana na kingine, na kilichokuwa kimetawanyika kinavalika.

Kwa hiyo simlaumu mchoraji wa Agrabah. Amefanya kazi yake kwa vipande vya miji ya wenziwe. Nawalaumu watungaji, nami nikiwa wa kwanza wao, ambao tumekaa na uzi mkononi na shanga miguuni, tukangoja mgeni aje atuchoree. Wakichora wao, watatupa kuba tusizokuwa nazo, na juu ya lango wataandika neno lile la Barbaria. Lakini tusijibu uongo wa kuba kwa uongo wa kuta. Tulichonacho kinatosha: dema, kamba, chuma cha kutobolea, pembe, boriti, ushanga, na lugha aliyojifunza mgeni.

Nilimwita mjukuu wangu nikamsomea ubeti huu, ndio jawabu la swali lake:

Mji si kuta kupanga, wala kuba za angani,
Mji ni punje ya shanga, iliyolala topeni,
Ni mbao walizounga, kwa kamba za minazini,
Atakaye kuutunga, na aanze mikokoni.

Aliusikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kuleta karatasi na kalamu za rangi, akaniuliza mkoko una majani ya namna gani.